Jinsi ya kuchagua spika ndogo ya laptopu bila kupigwa Kariakoo

Mimi ni fundi, niko Kariakoo nachoma solda mwaka wa tisa huu, na haipiti wiki hajaja mtu na kispika chake mkononi anasema kimekufa, au hakijafa ila "hakipigi kama nilivyokisikia pale dukani". Nikikipima mara nyingi hakina ugonjwa wowote, ni yeye tu alinunua kitu ambacho si cha kazi yake. Kwa hiyo ntaandika hapa ninavyochagua mimi nikitumwa na ndugu au mteja, we fuata mpaka mwisho afu ndo utoe hela.

Hatua ya 1: Anza na laptopu yako, kabla hujapanda daladala

Igeuze uangalie matundu. Ina tundu la duara la hedifoni au haina? Laptopu nyingine nyembamba za siku hizi wameshaliondoa, wamekuachia USB-C mbili basi. USB za kawaida ziko ngapi, na zinafanya kazi zote au moja ilishalegea toka mwaka juzi? Andika kwenye simu, maana ukifika dukani utasahau, muuzaji anaongea haraka kweli.

Afu chomeka hedifoni usikilize. Sauti ikitoka safi wakati spika za ndani zinakwaruza, ujue ni vile vispika vya ndani ndo vimechanika na spika yoyote ya nje itakusaidia. Ikikwaruza hata kwenye hedifoni, jaribu hedifoni nyingine kwanza, na ikiendelea basi shida iko kwenye tundu au saketi ya sauti ya laptopu, hapo usinunue spika ya pini kabisa, utahamisha ugonjwa tu. Ya USB au ya Bluetooth itapona kwa sababu hazipiti kwenye lile tundu.

Na jiulize unataka ya nini. Kusikiliza masomo ukiwa peke yako chumbani, kuangalia muvi na mwenzako, vikao vya Zoom, au unataka kuonyesha mpira uani kwa watu thelathini? Kama ni hiyo ya mwisho acha kusoma hapa, hamna spika ya kubeba kwenye mkoba wa laptopu itakayoifanya hiyo kazi vizuri, tafuta ya kuchomeka ukutani.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kuunganisha kwanza, rangi baadaye

Hapa ndo watu wengi wanapokosea kwa hiyo ntakaa kidogo.

Kuna zile zenye waya mbili, USB ya umeme na pini ya sauti. Creative Pebble ya kwanza iko hivyo, vile vimpira viwili vilivyoangalia juu kidogo, na kwa mezani naipenda kusema kweli. Ubaya wa aina hii ni kelele, maana umeme inautoa kwenye laptopu na sauti inaitoa kwenye laptopu hiyohiyo, kwa hiyo mara nyingi ukichomeka na chaja ya laptopu unasikia "zzzzz" nyuma ya muziki, na ukisogeza mausi inalia vikorokoro vidogovidogo. Watu wananiletea wakisema imeungua. Haijaungua bana. Ile waya ya USB itoe kwenye laptopu, ichomeke kwenye chaja ya simu au pawabenki, mara nyingi kelele inakata palepale.

Halafu angalia pini yenyewe, ile michirizi meusi. Ikiwa na miwili ni ya sauti peke yake, ikiwa na mitatu ina mstari wa maiki pia. Kama laptopu yako ya zamani ina matundu mawili, moja la hedifoni na jingine la maiki, chomeka la hedifoni. Najua unajua, ila nimeshalipwa hela kwa kuhamisha pini kutoka tundu moja kwenda jingine, nikaona aibu kidogo lakini nikapokea.

Kuna za USB tupu, waya mmoja unabeba umeme na sauti kwa pamoja. Hizi ndani zina kadi yake ya sauti. Logitech S150 ni ya hivyo, ndogo, wati 1.2 tu, lakini kwa kusikiliza mtu anaongea inatosha kabisa na ile kelele ya "zzzz" ni nadra kuisikia. Mtego wake uko dukani, muuzaji anakwambia "hii ni USB" kumbe USB ni ya chaji tu na sauti inataka pini au Bluetooth. Namna ya kujua ni rahisi, ichomeke kwenye laptopu yako afu fungua orodha ya spika kwenye Windows pale chini kulia, jina jipya lisipotokea basi hiyo USB ni ya umeme peke yake.

Na kuna za Bluetooth zenye betri, ambazo ndo kila mtu anazitaka saivi. Nzuri, hazina waya, unabeba unaenda nayo beach. Ila kwenye laptopu zina mambo mawili ambayo hamna muuzaji atakwambia.

La kwanza, sauti inachelewa. Kidogo tu, lakini unaona mtangazaji amefunga mdomo neno ndo linafika. YouTube mara nyingi inajirekebisha yenyewe, kwenye muvi ulizonazo kwenye flashi inategemea. Ukitumia VLC kwenye Windows bonyeza J, kila ukibonyeza sauti inawahi kwa milisekunde 50, bonyeza mpaka midomo ikae sawa, ukizidisha unarudisha kwa K. Kwa gemu au kwa anayetengeneza biti hamna dawa hiyo, utagonga kibodi na sauti itakujia baadaye, we chukua ya waya.

La pili ni Zoom. Umeunganisha spika, muziki unapiga safi, unaingia kikao na sauti inakuwa kama simu ya kwenye kibanda zamani. Wanafikiri spika ni feki, wanaenda kugombana dukani. Kinachotokea ni kwamba spika ina maiki yake ndani, na kikao kikianza kuitumia ile maiki, Bluetooth inahamia kwenye hali ya simu na ubora unashuka. Ingia setingi za sauti za Zoom, maiki chagua ya laptopu, spika iache ileile. Kwenye Windows 10 utaona spika moja ina majina mawili, moja lina neno Stereo na jingine Hands-Free, wewe chukua la Stereo. Dakika moja kazi imeisha.

Kama unaweza kupata ya Bluetooth yenye tundu la pini pia, chukua hiyo. Zinapungua, JBL Flip 4 ilikuwa nalo, Flip 5 wakalitoa. Go 2 ilikuwa nalo, Go 3 hamna. Kwa hiyo usidhani toleo jipya lina kila kitu cha lile la zamani.

Hatua ya 3: Wati zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini

Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja wa tuisheni kutoka Mbagala, na spika ndogo hivi, ukubwa wa tofali la sabuni, imeandikwa 1000W kwa maandishi ya dhahabu.

"Fundi, hii ni wati elfu moja lakini wanafunzi wa nyuma hawasikii."

Nikamwambia mwalimu nikifungua waranti inaondoka. Akacheka. "Waranti gani fundi, aliyeniuzia hata meza yake siioni tena pale."

Nikafungua. Ndani kuna koni moja (kile kispika chenyewe kinachotoa sauti) ya inchi mbili, na kwenye sumaku yake nyuma wamepiga chapa kabisa 4Ω 3W, yaani wati tatu. Pembeni kuna kipande cha chuma kimegandishwa na gundi, hakijaunganishwa na kitu chochote, kazi yake ni kufanya spika iwe nzito ukiishika ili useme "eeh, hii ya ukweli". Mwalimu alikiangalia kile chuma muda mrefu sana. Nikamwekea mezani akaondoka nacho.

Piga hesabu mwenyewe. USB ya kawaida inatoa volti 5 na ampia nusu, zidisha unapata wati 2 na nusu. Ile USB 3, mara nyingi ina rangi ya bluu ndani, inatoa wati 4 na nusu. Sasa spika inayokula hapo itatoa wapi wati elfu moja? Yenye betri inaweza kuzidi hapo, ila hata kampuni kubwa zinaandika namba za kawaida tu, JBL Go 3 imeandikwa wati 4.2 na Flip 5 wati 20. Tafuta neno RMS, hiyo ndo nguvu ya kuendelea kupiga muda wote. Ukiona PMPO ujue ni namba ya kuuzia.

Na hata RMS usiifukuzie sana. Kutoka wati 5 kwenda 10 sikio linaona imeongezeka kidogo tu, ili usikie kama imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kwa mezani, futi tatu kutoka usoni kwako, wati tatu nne za ukweli zinatosha.

Hatua ya 4: Ijaribu na laptopu yako, siyo simu ya muuzaji

Muuzaji ana wimbo wake mmoja aliouchagua kwa sababu unapiga vizuri kwenye kila takataka. We nenda na laptopu yako na vitu vitatu kwenye flashi: taarifa ya habari, taarab yenye fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), na singeli.

Anza na taarifa ya habari, sauti ya chini. Sikiliza herufi S na SH, zikikuchoma masikio sasa hivi dukani kwenye kelele zote zile, chumbani usiku zitakuua. Sauti ya mtu isikike kama mtu, siyo kama yuko ndani ya ndoo. Kwenye taarab sikiliza kama fidla na kanuni vinatengana au vimekuwa uji mmoja. Halafu singeli, hapa ongeza mpaka mwisho, mapigo yanakwenda zaidi ya 200 kwa dakika na spika dhaifu inakosa pumzi, unaisikia inaanza kutapika, kila besi ikipiga sauti ya mwimbaji inazama. Iguse mgongoni, plastiki ikitetemeka na kulia krrr rudisha.

Besi kubwa usiitegemee. Koni ndogo haiwezi kusukuma hewa nyingi, hiyo ni maumbile. Baadhi wanaweka ile ngozi ya pembeni isiyo na sumaku inayocheza yenyewe, inasaidia kiasi, lakini siku hizi nakuta feki ambazo ile ngozi ni pambo, imegandishwa. Weka kidole taratibu wimbo ukipiga, isipocheza ni pambo.

Mwisho simamisha muziki, sauti ya spika iko juu, tega sikio karibu. Ikiwa na "shhhh" kubwa utaisikia kila siku. Na kama ni pea ya spika mbili, kwenye Windows kuna kitufe cha kujaribu kushoto na kulia, bonyeza. Nimeshakuta mpya kwenye boksi upande mmoja umelala.

Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka. Maduka yako mengi mtaa wa Aggrey, hujakatazwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia ila umelazimishwa na nani?

Hatua ya 5: Betri na tundu la chaji

Chukua ya USB-C kama unaweza. Tundu za micro USB ndo zinazonilisha, zinalegea, zinang'oka na kipande cha saketi. Betri nyingi ndani ni zile za duara za 18650, nzuri kabisa haivuki sana mAh 3500 (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri), kwa hiyo ukiona imeandikwa 9900 kwa betri moja cheka kimoyomoyo. Kama unaipeleka ufukweni angalia IPX7 au IP67, hiyo inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, IP67 inazuia na vumbi pia. Kama haitoki mezani usilipie hiyo.

Hatua ya 6: Ukifika nyumbani

Usiiweke nyuma ya skrini, sauti nyembamba zote zinagonga kioo. Usiiweke kitandani, godoro linakunywa sauti. Meza ngumu, ikuelekee wewe, na kama besi haitoshi isogeze karibu na ukuta au kwenye kona, utasikia imeongezeka bure bila kulipa chochote. Kama inakaa chini sana inyanyue na kitabu kinene ifike karibu na usawa wa masikio. Kwenye laptopu weka sauti kama 80, iliyobaki ongezea kwenye spika yenyewe, maana zikiwa zote mwisho ndo inaanza kukwaruza na wewe kesho uko mezani kwangu unaniambia imekufa.