Somo: Umeshindwa mahakama ya familia Marekani? Soma kabla ya kumshtaki jaji

Ndugu zangu, kila wiki naulizwa lilelile: "Jaji ameninyima mtoto, nimpeleke mahakama ya shirikisho kwa kuvunja haki zangu?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitakuelekeza hapa. Mimi si wakili, ila njia hii nimeipita. Siku nilizotaja ni za Ohio. Za jimbo lako muulize karani.

1. Chukua kwa karani nakala ya uamuzi yenye muhuri wa tarehe. Siku zinahesabiwa kuanzia muhuri ule, si siku bahasha ilipokufikia.

2. Tazama aliyesaini. Kama ni majistreti, yaani afisa wa mahakama anayesikiliza kesi kwa niaba ya jaji, una siku 14 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Ukinyamaza, hata rufaa yako itakuwa dhaifu sana.

3. Hukumu ya jaji: rufaa ya jimbo ndani ya siku 30.

4. Hapa ndipo nilipoanguka. Kifungu namba 1983 cha sheria za shirikisho, kilichotokana na sheria ya mwaka 1871, kinakuruhusu kumdai mtu aliyetumia mamlaka ya jimbo kuvunja haki yako ya kikatiba. Niliposoma hivyo nikaona mlango uko wazi. Siku 30 za rufaa ziliisha nikiwa mezani jikoni usiku, naandika kurasa 41 dhidi ya jaji. Kesi ikatupwa kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa, na rufaa nayo ilishanipita. Miezi ile ya mwanangu hairudi.

Sababu ni hizi. Kanuni ya Rooker-Feldman, ya kesi za mwaka 1923 na mwaka 1983, inasema aliyeshindwa jimboni hawezi kwenda mahakama ya wilaya ya shirikisho kuomba hukumu ile itenguliwe. Kama kesi bado inaendelea jimboni, utakutana na kanuni ya kesi ya Younger ya 1971, inayozuia mahakama ya shirikisho kuingilia kesi hiyo, ambayo mwaka 1979 ilitumika kwenye shauri la watoto huko Texas. Halafu kuna kinga ya jaji. Mwaka 1978, katika Stump v. Sparkman, jaji wa Indiana alikuwa ameidhinisha binti wa miaka 15 afungwe kizazi kwa ombi la mama yake, naye binti akaambiwa anatolewa kidole tumbo. Hata jaji huyo hakuweza kudaiwa fidia. TAFADHALI usiache rufaa ukifuata njia hii.

5. Wanaoweza kudaiwa: afisa aliyemchukua mtoto bila amri ya mahakama wala hatari ya papo hapo, au kaunti kwa sera yake yenyewe. Ohio una miaka 2. Ada ya kufungua kesi ya shirikisho ni dola 405. Huna uwezo, omba usamehewe.

6. Hoja ya katiba iandike hukohuko jimboni, tangu mwanzo. Kesi ya Troxel ya 2000, inayolinda uamuzi wa mzazi kuhusu nani amwone mtoto, ilipanda kwa rufaa kutoka mahakama za jimbo la Washington. Hakuna jaji aliyeshtakiwa.

MASWALI

baba_mapacha: Ndefu mno. Naomba tu fomu ya kumshtaki jaji.
— Hatua ya 4.

kijana_wa_dayton: Kuna jamaa kwenye video anasema alishinda hivyohivyo.
— Alitaja namba ya kesi? Alimdai jaji, au afisa wa kaunti? Nimeeleza kilichonipata mimi. Ukitaka kujaribu jaribu, lakini rufaa iweke kwanza.

mama_wa_watatu: Ya kwangu imesainiwa na majistreti, leo siku ya 11. Sina hela ya nakala ya mwenendo wa shauri. Nisubiri nizipate?
— Usisubiri, dada. Pingamizi liingie kesho, ukitaja kila kosa moja moja. Nakala unaweza kuileta ndani ya siku 30 baadaye, na ukihitaji muda zaidi uombe kabla hazijaisha. Je, wanakukatia haki zako za kuwa mzazi kabisa, au ni malezi tu? Kama ni kukatiwa haki hizo, taja kesi ya M.L.B. v. S.L.J. ya 1996: mama wa Mississippi alidaiwa dola 2,352.36 za nakala, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema rufaa yake isizuiwe kwa umaskini.

mama_wa_watatu: Kukatiwa kabisa. Na mkalimani alikuwa akifupisha maneno yangu.
— Basi omba wakili wa mahakama leo leo, kwa kesi hiyo Ohio wanampa asiye na uwezo. Kuhusu mkalimani, liandike kwenye pingamizi: siku gani, ulisema nini, akatafsiri nini.

shangazi_columbus: Nyongeza, ombeni mkalimani mapema kwa maandishi, na mseme ni Kiswahili cha wapi. Mimi wa Bukavu niliwahi kuletewa wa Mombasa, tukapotezana kwenye neno moja tu. Ukiona amekosea, nyoosha mkono palepale ili liingie kwenye rekodi.