Kutoka Kisumu hadi Iten kwa baiskeli: jinsi ya kusafiri na kikundi bila kukatika pumzi

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten, mji wa wakimbiaji, ni 2,400. Naongoza vikundi njia hiyo, na wanaoishiwa nguvu mapema mara nyingi si wenye miguu dhaifu. Ni wenye haraka.

1. Mhoji kiongozi kabla ya kulipa. Siku mbili za kwanza mkifika juu mnafanya nini? Akikwambia mnaanza na mlima mrefu, tafuta mwingine. Gari la kusindikiza lipo? Nani anakaa nyuma ya mtu wa mwisho? Fundi anabeba tyubu za saizi yako?

2. Panda kwa awamu. Njia ya Chavakali na Kaimosi inakufikisha Kapsabet, karibu mita 2,000. Lala hapo. Kesho yake Eldoret, kisha Iten. Anayetoka Nakuru ana nafuu kidogo, kwa kuwa amezoea mita 1,850, ila asijidai.

3. Siku ya kwanza Iten, zunguka taratibu kama saa moja, basi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Mombasa. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao hapa ni karibu robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo na moyo unaenda mbio hata kwenye tambarare. Piga gumzo na mwenzako mkiendesha. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, weka gia nyepesi. Wakimbiaji watakaokupita usiwafukuze. Mwili huhitaji wiki kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu, nawe umekuja kwa siku chache.

Kunywa maji hata kama huna kiu. Pombe isubiri mrudi Kisumu, ziwani. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, mwambie kiongozi mara moja. Hali ikizidi unashushwa, hakuna cha kujikaza. Na ubebe sweta nzito: jua la mchana linachoma ngozi, jioni meno yanagongana.

4. Mteremko wa Tambach ndio wa kuogopa. Kutoka Iten hadi Bonde la Kerio unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa lami yenye kona kali. Kabla ya kuondoka, hakikisha unajua mkono upi unashika breki ya mbele, hasa kama baiskeli ni ya kukodi. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Bana breki zote mbili, achia, bana tena; ukizishikilia mfululizo, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Tunaposimama, dondoshea rimu tone la maji. Likichemka kwa mlio, pumzika kidogo. Achianeni nafasi, bakini kushoto, na mtarajie mbuzi nyuma ya kila kona. Matatu huwa inapiga honi, mbuzi hapigi.

5. Kurudi juu. Bondeni ni joto kweli kweli. Anayetaka kupanda kwa miguu yake aanze saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na chupa mbili zilizojaa. Baiskeli za wengine tunazifunga juu ya gari, na ni marufuku kuwacheka.