Kutenganisha akaunti baada ya talaka: anza na laini, filamu zije mwisho

Wengi wakishaachana hukimbilia kubadilisha nenosiri la Netflix. Hilo ndilo lenye haraka ndogo kuliko yote. Anayetazama tamthilia kwa pesa yako anakugharimu kidogo; anayeweza kupokea namba zako za kuthibitisha anaweza kuingia kila mahali. Kwa hiyo mpangilio wa somo hili una sababu, usiuruke.

Kama mtalaka wako ni mtu wa vitisho au kipigo, usianze na simu unayotumia kila siku. Mabadiliko mengi hutuma arifa upande wa pili. Tafuta kifaa ambacho hajawahi kukishika, na kabla ya kugusa chochote zungumza na watu wanaosaidia waathirika wa ukatili wa nyumbani.

Orodha kwanza

Pitia taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12 nyuma. Mitatu haitoshi, maana hifadhi ya mtandaoni au jina la tovuti hulipiwa mara moja kwa mwaka. Kwenye barua pepe tafuta neno "risiti", na kwa kuwa risiti nyingi huja kwa Kiingereza, tafuta pia "receipt" na "renewal". Kwa kila huduma andika: akaunti ni ya nani, inatumia barua pepe gani, namba gani ya simu inapokea uthibitisho, kadi gani inalipa. Hiyo namba ya simu ndiyo hufichua mengi.

Usifute kitu bado. Kesi ikiwa mahakamani, ujumbe na risiti vinaweza kuwa ushahidi, na kufuta kutaonekana ni kuficha. Toa nakala kwa Google Takeout, au kwa Apple kupitia privacy.apple.com, uziweke kwenye diski ya nje.

Hatua ya 1: laini

Laini iliyosajiliwa kwa jina lake ni yake, hata kama umeitumia miaka yote. Akiomba laini mbadala, namba za uthibitisho zitaanza kwenda kwake. Nendeni kampuni ya simu mbadilishe jina. Ikishindikana, chukua laini mpya uhamishe akaunti moja baada ya nyingine wakati ile ya zamani bado inapokea ujumbe. Ikizimwa mapema utajifungia nje mwenyewe. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba, nayo huhama na vikundi vyako.

Hatua ya 2: barua pepe kuu

Hapa usiwe na haraka. Badilisha nenosiri, kisha papo hapo badilisha namba na barua pepe za kurejesha akaunti. Zikibaki zake, nenosiri jipya halina kazi. Kwenye Google, kubadilisha nenosiri hutoa vifaa vingi lakini si vyote: vile vinavyotumika kukuthibitisha vinaweza kubaki ndani. Fungua orodha ya vifaa vyako uviondoe kwa mkono. Futa pia ufunguo wa siri (passkey, njia ya kuingia bila nenosiri) uliowekwa kwenye kishikwambi cha pamoja, kwani alama ya kidole chake ikiwa imesajiliwa pale, kidole hicho kinafungua akaunti yako.

Kisha angalia pale watu wasipoangalia: usambazaji wa barua kwenda anwani nyingine, vichujio, na orodha ya watu walioruhusiwa kusoma kisanduku chako. Kichujio kimoja kinachopeleka nakala za barua za benki kinaweza kukaa miaka bila kuonekana. Toa upya zile namba 10 za akiba za Google, zinazokuingiza simu isipokuwepo. Za zamani hufa hapo hapo. Maswali ya usalama yajibu kwa uongo na uuhifadhi uongo huo, kwa sababu majina ya ukoo wa mama yako anayajua.

Hatua ya 3: simu yenyewe

PIN mpya. Futa alama za vidole na sura zote, usajili zako upya. Kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa: vinaweza kufika 4, na kila kimoja huendelea kufanya kazi hadi siku 14 hata simu yako ikiwa imezimwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Zima kushiriki mahali ulipo kwenye ramani za Google na kwenye Find My ya Apple. iPhone yenye iOS 16 au zaidi ina Safety Check kwenye mipangilio ya faragha. Inaonyesha kwa pamoja nani anaona nini.

Hatua ya 4: vikundi vya familia

Vya Google na vya Apple huchukua watu 6. Ukitoka, unapoteza hifadhi ya pamoja na kurudi kwenye ya bure: GB 15 kwa Google, GB 5 kwa iCloud. Ukiwa umezidi GB 15, Gmail huacha kupokea barua, na hapo ndipo watu hukosa barua ya wakili. Pakua picha kabla ya kutoka. Usijiunge haraka na kikundi cha dada yako pia, kwa sababu Google hairuhusu kuhamia kikundi kingine zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12.

Hatua ya 5: malipo

Kufuta programu hakusitishi malipo. Sitisha pale uliponunulia: Play Store, App Store au tovuti yenyewe. Kubadilisha kadi nako hakutoshi, kwani mitandao ya kadi inaweza kumpelekea mfanyabiashara namba mpya. Netflix inakuruhusu kuhamisha wasifu wako, pamoja na historia yake, kwenda akaunti mpya. Vifurushi vya pamoja vya Spotify, Duo na Family, vinadai wanachama waishi anwani moja, lakini kila mtu ana akaunti yake, orodha zako za nyimbo hazipotei.

Hatua ya 6: nyumba

Ruta ina manenosiri mawili: la Wi-Fi na la msimamizi. Badilisha yote. Kamera na kengele za mlangoni zina mmiliki mmoja kwenye akaunti. Kuirudisha kamera kwenye hali ya kiwandani mara nyingi hakumwondoi. Ni lazima aitoe yeye kwenye akaunti yake, la sivyo nunua nyingine.

Maswali ya wanachama

*Nimebadilisha nenosiri mara kadhaa lakini bado anajua ninachoandika. Anapitia wapi?*

Mara nyingi ni kivinjari cha kompyuta ya nyumbani kilichoingizwa kwa akaunti yako: kila nenosiri unalohifadhi kwenye simu linafika kule. Kiondoe kwenye orodha ya vifaa, kisha ubadilishe manenosiri ukiwa kwenye kifaa kingine. Ukigeuza mpangilio huo, unamtumia nenosiri jipya.

*Picha zote za watoto ziko kwenye akaunti yake na nenosiri nalijua. Niingie nizichukue?*

Usiingie, dada. Kujua nenosiri si ruhusa, na wakili wake ataifurahia hiyo. Omba nakala kwa maandishi. Kama ni maktaba ya pamoja ya iCloud na umekaa ndani zaidi ya siku 7, unapotoka unaweza kuchagua kubaki na kila kitu. Hakikisha tu una nafasi ya kutosha.

*Ukurasa wa biashara tulifungua wote, ila msimamizi ni mimi peke yangu. Nifanyeje?*

Kama mgawanyo haujaamuliwa, usimfungie mwenzio nje. Kama biashara ina tovuti pia, jina lake lishughulikieni mapema: likishahamia kwa msajili mwingine, kwa kawaida hufungwa siku 60 kabla ya kuhamishika tena.

*Mtoto anabeba kishikwambi kati ya nyumba mbili. Kinaonyesha ninapoishi?*

Ndiyo, ikiwa mzazi mwenzio ndiye anayekisimamia. Anwani ikiwa si siri, kubaliananeni nani asimamie. Ikiwa ni siri, usikiwashe ukiwa nyumbani kwako, na usiingize akaunti yako ndani yake hata kwa kupakua mchezo mmoja.