Mwanafunzi Anapohitaji Uzazi wa Mpango: Kazi ya Mwalimu Mlezi na Muuguzi wa Zahanati

Shule za Tanzania hazitoi dawa za uzazi wa mpango. Msichana wa sekondari anayezihitaji yuko mikononi mwa watu wawili: matroni au mwalimu mlezi anayempa ruhusa ya kutoka, na muuguzi wa zahanati anayempokea. Katika vituo vya serikali huduma hii ni bure, na mwongozo wa taifa hauweki sharti la ndoa wala la kuwa umeshazaa. Kinachowarudisha mabinti njiani ni benchi. Asubuhi kliniki imejaa akina mama wanaosubiri kupima watoto uzito. Binti mwenye sare akikaa pale, jioni habari imeshafika nyumbani.

Kwa hiyo anzeni na saa. Muuguzi na mwalimu wakubaliane siku moja au mbili kwa wiki, kuanzia saa nane mchana, akina mama wakishaondoka. Cheti cha ruhusa kiandikwe "anakwenda zahanati", basi. Mwalimu asidai kujua njia aliyopewa, asiombe kadi, asiingie chumbani. Muuguzi naye asiite jina kutoka mlangoni, na kadi ya binti wa bweni ibaki kituoni, maana masanduku hukaguliwa.

Muuguzi, funga mlango, halafu mweleze binti siri inaishia wapi kabla hujamuuliza lolote. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inahesabu kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa hata kama alikubali, kwa hiyo usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Muulize taratibu mwenzake ana umri gani, na kama alilazimishwa, alihongwa au alitishwa. Akiwa amebakwa ndani ya saa 72 zilizopita, dawa za PEP za kukinga maambukizi ya VVU na kidonge cha dharura hutolewa saa hiyohiyo. Fomu ya polisi ya PF3, ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto vifuate, visitangulie dawa. Akitaka kuzungumza na mtu baadaye, mpe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Muulize pia kama kuna mtu mzima anayemwamini nyumbani, labda shangazi au bibi. Lakini hofu yake ya kumwambia mzazi isiwe sababu ya kumrudisha mikono mitupu.

Kuhakikisha hana mimba si lazima kipimo. Kama hedhi ilianza ndani ya siku 7 zilizopita, au hajakutana na mwanamume tangu hedhi ya mwisho, na hana dalili za ujauzito, endelea. Kumwambia "rudi ukiwa kwenye siku zako" ni kosa tunalotaka likome kabisa, kwani wengi hawapati ruhusa ya pili.

Kidonge cha dharura, ambacho mitaani huitwa P2, ni levonorgestrel miligramu 1.5: kidonge kimoja, au viwili vya 0.75 vimezwe pamoja. Kinafaa zaidi mapema, ndani ya saa 72; hadi saa 120 bado kinaweza kusaidia ingawa nguvu imepungua. Akitapika kabla ya saa mbili kupita, arudie dozi. Hakimkingi kwa tendo la kesho, kwa hiyo aanze njia ya kuendelea nayo siku hiyohiyo na atumie kondomu siku 7. Hedhi isipoonekana ndani ya wiki tatu, apime.

Njia yenyewe ichaguliwe na yeye, huku kalenda ya shule ikiwa mezani. Sindano ya miligramu 150 hurudiwa kila wiki 13. Aliyechomwa tarehe 5 Julai anatakiwa kurudi 4 Oktoba; kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani anaweza kuwahi kwa wiki mbili, yaani kuanzia 20 Septemba, au kuchelewa hadi wiki nne, mwisho 1 Novemba. Likizo fupi ya Septemba ikiangukia humo, mpange hapo. Asingoje Novemba, mwezi wa mitihani ya kidato cha nne. Mwambie pia kwamba akiacha sindano, uwezo wa kushika mimba huchelewa miezi kadhaa kurudi.

Kijiti hakidai kurudirudi: kimoja cha Implanon hukaa miaka 3, viwili vya Jadelle miaka 5. Huwekwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa ganzi, na hutolewa siku yoyote akitaka. Vidonge vya kila siku ndivyo vinavyowashinda wa bweni: hakuna pa kuvificha, na akisahau siku mbili au tatu kinga inalegea. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu asitegemee vidonge wala kijiti, sindano inamfaa. Kwa wote, kondomu iendelee, maana hakuna mojawapo ya hizi inayozuia VVU wala kaswende.

Damu ndiyo inayowafanya waache. Sindano na kijiti huleta matone yasiyo na mpangilio miezi ya mwanzo, na wa sindano huweza kukosa hedhi kabisa. Mwambie kabla, na umwonyeshe idadi ya pedi za kubeba. Asipoambiwa ataamini ameharibika kizazi, na kijiti kitatolewa na fundi wa mtaani kwa wembe. Matone yakimsumbua, ibuprofeni ya siku 5 husaidia. Damu nyingi, maumivu makali ya tumbo, au usaha pale kijiti kilipowekwa: arudi siku hiyohiyo, bila kungoja siku ya miadi.

Dawa ikiwa imeisha kabatini, mpe kondomu, kisha kituo cha afya cha jirani kipigiwe simu yeye akiwa bado amekaa mbele yako, na aondoke na jina la muuguzi atakayemkuta huko.