Namna ya kuvuta waya kwa kukaa ili mgongo upate kazi yake

Mashine hii haikosi karibu katika jimu yoyote: benchi refu la chini, mabamba mawili ya kukanyagia, kapi mbele yako, na waya unaopita kwenye kapi hilo hadi kwenye rundo la vyuma. Unakaa, unakanyaga, unavuta mpini kuelekea tumboni kama mtu anayepiga makasia. Kwa kuwa inaonekana rahisi, wengi humaliza seti nzima, yaani mfululizo mmoja wa mivuto bila kupumzika, kwa mikono na kiuno. Kesho yake mikono inauma, mgongo hauna habari.

Misuli inayolengwa ni ile mipana miwili inayoanzia kwapani na kushuka ubavuni hadi kiunoni, pamoja na iliyo katikati ya mgongo, baina ya mabapa ya mabega. Nyuma ya bega na mbele ya mkono wa juu husaidia tu. Misuli iliyouandama uti wa mgongo nayo iko kazini, lakini kazi yake ni kuusimamisha uti utulie. Ikianza kuvuta, umeshakosea.

Kabla ya kukaa

Anza na mpini wa pembe tatu, ule unaofanya viganja vitazamane. Viwiko hupita karibu na mbavu na ni rahisi kuusikia mgongo. Ukitumia fimbo ndefu, viganja vikitazama chini na mikono ikiwa imepanuka kuliko mabega, viwiko hutoka nje na kazi huhamia sehemu ya juu ya mgongo na nyuma ya mabega. Hapo punguza uzito, maana hutaweza kuvuta kiasi kilekile.

Pini ya uzito, ile unayoichomeka kwenye tundu la rundo la vyuma kuchagua uzito, isukume mpaka mwisho wake. Iliyoingia nusu inaweza kuchomoka vyuma vikiwa juu. Wala usibebe namba kutoka mashine moja kwenda nyingine: idadi ya makapi na msuguano wa waya hutofautiana, hivyo kilo 40 za hapa zinaweza kuwa nyepesi kuliko kilo 30 za pale. Chagua uzito utakaouvuta mara 12 na bado ukabaki na nguvu za kuvuta mara mbili nyingine.

Kuushika mpini

Sehemu hii hupuuzwa, na ndiyo inayoumiza viuno. Mpini hukaa mbali, karibu na kapi. Mtu anakaa nyuma kabisa, ananyoosha miguu, kisha anajikunja kama upinde kuufuata na kuuchomoa kwa nguvu. Uti uliopinda unapokea mzigo wote kwa ghafla.

Badala yake, kaa mbele ya benchi magoti yakiwa yamekunjika sana na nyayo nzima zikiwa kwenye mabamba. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, shika mpini kwa mikono miwili. Sasa acha mikono ilivyonyooka na usukume kwa miguu, makalio yateleze nyuma, mpaka magoti yabaki na mkunjo mdogo tu. Usiyakaze hadi mwisho, kwani misuli ya nyuma ya mapaja huivuta nyonga na kiuno kikajikunja chenyewe.

Jipime hapohapo: mikono ikiwa imenyooka, vyuma viwe vimeshainuka kidogo. Kama vimelala kwenye rundo, uko mbele mno na kila mvuto utaanza bila mzigo. Ukimaliza seti, rudi kwa njia ileile: kunja magoti, teleza mbele, ndipo uuachie mpini.

Mvuto wenyewe

Kaa wima, kifua juu, mabega yashuke mbali na masikio. Mvuto huanzia kwenye mabapa, kabla viwiko havijakunjika hata kidogo. Kwa wiki mbili za mwanzo jifunze kipande hicho peke yake: weka uzito mwepesi, nyoosha mikono, kisha rudisha mabapa nyuma na chini, halafu yaachie yaende mbele. Mpini utatembea sentimita chache tu. Fanya hivyo mara 8 kabla ya seti ya kwanza, nawe utausikia mgongo ukiamka.

Mabapa yakishaanza, viwiko vifuate. Viganja viwe kulabu tu, na akili iwe kwenye viwiko vinavyorudi nyuma vikipangusa mbavu. Mpini uishie kati ya kitovu na mbavu za chini. Toa pumzi unapovuta. Kiwiko kikipita mgongo kidogo, simama. Ukilazimisha zaidi, bega hubingirika mbele na mabapa huachia kile yalichokuwa yameshika.

Shikilia hapo sekunde 1 kamili. Sekunde hiyo ndiyo hakimu wa uzito uliochagua. Ukishindwa kuutuliza mpini tumboni, ulichokuwa ukitumia ni mrusho wa kiwiliwili. Punguza uzito: hamisha pini tundu moja juu.

Kisha rudisha polepole kwa sekunde 2 hadi 3 huku ukivuta pumzi. Acha mabapa yaende mbele hadi usikie mnyooko chini ya kwapa, lakini kiuno kibaki kama kilivyokuwa. Vyuma visigongane. Mlio wa vyuma ni dalili kwamba umeuachia mzigo, na sehemu ya faida ya zoezi iko katika safari hii ya kurudi.

Yanayoharibika, na sababu yake

Kiwiliwili kinayumba mbele na nyuma: uzito umezidi. Kuegemea nyuma kidogo sana mwisho wa mvuto hakuna neno, ila ukijiona kama uko kwenye mtumbwi, punguza.

Mabega yanapanda masikioni na shingo inachoka: mara nyingi unavuta kuelekea kifuani. Shusha mpini, uelekee kitovuni.

Vigasha vinawaka kabla ya mgongo: unavikunja vifundo vya mikono, au unaukaba mpini. Nyoosha vifundo, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Kama bado viganja ndivyo vinavyoshindwa kwanza katika seti nzito, tumia mikanda ya kushikia.

Maumivu makali ya kiuno, au ganzi inayoshuka mguuni, si uchovu wa misuli. Acha zoezi na umwone daktari. Mwenye kiuno kinachosumbua anaweza kutumia mashine yenye mto wa kuegemeza kifua, maana mto hubeba kazi ya kukutuliza.

Kiasi

Seti moja ya kupasha misuli kwa nusu ya uzito, mara 12 hadi 15. Kisha seti 3 za mara 8 hadi 12, ukipumzika sekunde 90 hadi dakika 2 kati yake. Mara mbili kwa wiki inatosha, zikipishana kwa siku mbili hivi. Ukifikisha 12 katika seti zote tatu, na ile sekunde ya kushikilia ikiwemo, ongeza uzito kwa kushusha pini tundu moja na ukubali kurudi kwenye 8 au 9.

Upande mmoja ukiwa dhaifu, funga mpini wa mkono mmoja. Anza na upande dhaifu, hesabu ulichoweza, kisha upande wenye nguvu ufanye idadi hiyohiyo, hata kama una uwezo wa kuendelea.