Jinsi ya kubuni jangwa linaloua: anza na maji

Jangwa la kwanza nililolibuni lilikuwa na mchanga, jua, na nge wakubwa kama punda. Msomaji mmoja akaniuliza: hao nge wanakula nini, na wasafiri wanakunywa wapi? Sikuwa na jibu, na hadithi nzima ikalegea. Tangu hapo kila jangwa naanza na maji. Mfano wangu hapa ni Jangwa la Ghaibu, ninaloliandikia sasa. Chukua karatasi na penseli tufanye pamoja.

Hatua ya 1: Tafuta sababu ya ukame

Chora milima kwanza, kisha mshale wa upepo unaotoka baharini. Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua upande huo huo. Ukivuka kilele unashuka mkavu. Huko nyuma ya mlima ndiko jangwa lako liliko. Ukipenda sababu nyingine, litazame jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika: liko ufukweni kabisa, lakini mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela huliletea ukungu, mvua ni haba mno.

Ghaibu iko nyuma ya mlima. Upande wa mvua wana mtama, upande wa pili wana chumvi. Hapo tayari una misafara, na una watu wa kuwavizia.

Hatua ya 2: Gawanya ardhi

Usijaze mchanga kila mahali. Hata Sahara, sehemu yake kubwa ni mawe na changarawe. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni sakafu ya ziwa la kale: tambarare, nyeupe kwa chumvi, na mvua ikinyesha inageuka tope. Mahali pa namna hiyo panampa mwandishi hatari mbili kwa bei ya moja.

Matuta ya mchanga yaweke machache lakini yawe hai. Karibu na Olduvai, Ngorongoro, kuna tuta jeusi la majivu ya volkeno lenye umbo la mwezi mchanga, ambalo upepo hulisogeza mita 17 hivi kwa mwaka. Piga hesabu: miaka 60 ni kama kilometa moja. Katika Ghaibu, kijana anashika ramani ya babu yake, anafika penye kisima, anakuta tuta limekilalia. Ramani haikudanganya, imezeeka tu. Na kiongozi hodari anajua kwamba pembe za tuta la namna hii huelekea upepo unakokwenda, kwa hiyo anajua pia kisima kitafunuka upande upi, hata kama ni kwa wajukuu zake.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kiu

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mimi humpa mtu anayetembea juani lita 6 kwa siku. Akibeba lita 30 mgongoni, ana siku 5. Akienda kilometa 25 kwa siku, mwisho wake ni kilometa 125, na hapo sijampa hata kipande cha mkate.

Sasa weka visima kwenye ramani. Viwili viwe na kilometa 90 kati yao: safari ya kawaida. Viwili vingine viwe na kilometa 140. Pengo hilo ndilo moyo wa jangwa lako. Watu wataliita jina, wataliogopa, watalisimulia. Kwangu linaitwa Majuto. Bila ngamia halivukiki, na kwa ngamia linavukika iwapo hakuna anayeugua njiani.

Hatua ya 4: Andika sheria ya kisima

Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa dakika kumi hivi. Wakifika kumi, ni lita 1,000. Kwa ndoo ya lita 10, hizo ni ndoo mia moja zinazovutwa kwa mikono. Kusini mwa Ethiopia, Waborana husimama mmoja juu ya mwenzake ndani ya kisima kirefu, wakipitishiana maji huku wakiimba. Waza: ni nani anayesimama chini kabisa? Nani anakunywa kwanza, mgeni au mwenyeji? Adui akija na mtoto mgonjwa, anapewa?

Katika Ghaibu, kila anayefika hupewa kata tatu bila kuulizwa jina. Kata ya nne ina bei, na bei hiyo imewahi kuanzisha vita.

Hatua ya 5: Ongeza vifo visivyotarajiwa

Baridi ya usiku, kwa kuwa hewa kavu isiyo na mawingu haishiki joto. Na mafuriko: mvua inanyesha mlimani mbali, ardhi ngumu haiinywi, na maji yanashuka korongoni kuwakuta waliolala humo kwa kukwepa upepo.

Hatua ya 6: Viumbe

Kila kiumbe kijibu maswali mawili: kinakula nini, kinakunywa wapi. Kuna mbawakavu wa Namib ambaye huinamisha kichwa, huinua mgongo kwenye ukungu, na matone humtelemkia mdomoni. Mkuze mdudu huyo awe na ukubwa wa ng'ombe, halafu mweke mtu mwenye kiu mbele yake alfajiri.

Hatua ya 7: Ufunge uchawi

Mchawi akiweza kuita maji bure, umelizika jangwa lako. Kwangu, maji yakiitwa yanatoka kisima kingine.

Hatua ya 8: Mtembeze mtu mmoja

Kabla ya sura ya kwanza, andika siku moja ndani ya Majuto, ukihesabu kila kata. Yangu ilikuja hivi:

Salama alikitikisa kiriba na kusikiliza. Hakikulia. Alikigeuza ndani nje, akaukandamiza upande wenye unyevu kwenye midomo ya mdogo wake, polepole, kona kwa kona. Kisha akaangalia pembe za tuta, akageuka kushoto.