Jinsi ya Kukusanya Data za Video Yenye Kasi ya Biti Inayobadilika

Mtafiti anayetaka kujua iwapo mtandao utaihimili video hapaswi kuridhika na wastani wa kasi ya biti, yaani idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde. Video inapobanwa kwa kushikilia ubora ule ule, mandhari tulivu hutumia biti chache na mandhari yenye mwendo mwingi hutumia biti nyingi, na vilele hivyo vya ghafla ndivyo vinavyojaza foleni za ruta na kumsubirisha mtazamaji. Kwa hiyo data inayostahili kukusanywa ni ukubwa wa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, pamoja na wakati wake.

Chagua kwanza video ambayo leseni yake itawawezesha watafiti wengine kuirudia kazi yako. Big Buck Bunny, filamu ya katuni ya takribani dakika 10 iliyotolewa na Blender Foundation mwaka 2008 kwa leseni ya Creative Commons, inafaa sana. Tafuta nakala yenye ubora wa juu kabisa, kwani athari za mbano wa awali huingia katika vipimo vyako. Kisha ibane kwa ffmpeg, programu huria ya kubana na kubadilisha video:

ffmpeg -i asili.mkv -an -c:v libx264 -crf 23 -g 48 -sc_threshold 0 video.mp4

Hapa crf ndiyo inayoshikilia ubora na kuiacha kasi ya biti ipande na kushuka. Namba ikipungua, ubora na ukubwa wa faili huongezeka. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, g 48 huweka fremu kamili, yaani inayofumbuliwa bila kutegemea fremu nyingine, kila baada ya sekunde 2, jambo linalorahisisha kuikata video katika vipande vya kutiririshwa. Sasa toa vipimo kwa ffprobe, programu inayoambatana na ffmpeg:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries packet=pts_time,dts_time,size,flags -of csv video.mp4 > vipimo.csv

Zingatia mpangilio. Amri hii huorodhesha fremu kwa utaratibu wa kufumbuliwa, ambao ndio utaratibu wa kusafirishwa, ilhali ukiomba taarifa za frame badala ya packet utazipata kwa utaratibu wa kuonyeshwa. Ukichanganya orodha hizo mbili, kila hesabu ya foleni itakayofuata itaharibika.

Tuchukue mfano wa fremu kamili yenye baiti 60,000. Hizo ni biti 480,000, na zikitumwa ndani ya muda wa fremu moja, yaani sehemu moja ya 24 ya sekunde, zinahitaji megabiti 11.52 kwa sekunde na takribani paketi 42 za Ethernet. Fremu inayofuata ikiwa na baiti 2,000, hitaji hushuka hadi kilobiti 384. Ukihifadhi wastani wa sekunde nzima, tofauti hiyo yote hupotea.

Kunasa paketi kwa tcpdump, programu ya kurekodi data inayopita mtandaoni, kuna manufaa yake, lakini kusichukue nafasi ya vipimo hivi, kwa kuwa kinachonaswa kimekwisha kuathiriwa na msongamano, usimbaji fiche na mwenendo wa TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data.

Urefu wa video nao una uzito. Mwaka 1994 Mark Garrett na Walter Willinger walichambua filamu ya saa mbili wakaonyesha kwamba mabadiliko ya kasi huhusiana hata yakiwa yameachana kwa muda mrefu, na uhusiano huo hauonekani vizuri katika dakika 10. Kwa uchunguzi wa namna hiyo tumia rekodi ndefu isiyokatwa, kama vile mhadhara ulioruhusiwa kuutumia, na uambatishe kwenye vipimo amri kamili na toleo la programu uliyotumia.